Kidonge cha Nyongeza

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, chai ilimwagika kwenye kisahani. Haikuwa nyingi, vijiko viwili hivi. Dada Mkubwa aliiona kwa sababu alikuwa upande wa pili wa meza akitunga uzi kwenye sindano, na mtu anayetunga uzi huona chochote kinachotikisika karibu naye. Uliotikisika ni mkono wa mdogo wake. Kikombe kiligonga kisahani mara nne, kikatulia, kikainuka, kikagonga tena.

"Jana ulipiga mtindi?" aliuliza.

"Ningepiga, ungenusa kabla sijafika getini," Fundi alijibu. "Ni waya hizi. Wiki nzima tunavuta waya kwenye jua la kukaanga mtu. Mkono umechoka."

"Umechoka mmoja au yote miwili?"

Aliitazama mikono yake kama vifaa vya kuazima. "Yote miwili. Na mgongo. Ukitaka niorodheshe na magoti, nitachelewa gari."

Kila mtu alimwita Fundi, isipokuwa mama yake aliyemwita baba. Alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi wa shirika la umeme, wa wale wanaopanda nguzo na mkanda kiunoni. Mwezi uliofuata alitarajiwa kupewa kikosi chake mwenyewe, watu saba na lori. Barua ilikuwa haijatoka, lakini msimamizi wake, ambaye kazini walimwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila helmeti, alikuwa amemwambia anyoe ndevu vizuri kwa ajili ya picha ya kitambulisho.

Alipotoka, mama alimvuta binti yake hadi jikoni na kurudisha mlango, ingawa nyumbani hawakubaki watu wengine.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Unarudi," mama alisema.

Ugonjwa huo haukuwa na jina ndani ya nyumba ile. Miaka tisa nyuma, katika mtaa mwingine, Fundi alikaa siku sita bila kulala. Aligawa koleo, bisibisi na ngazi yake kwa wapita njia, akiwaeleza kwamba amegundua namna ya kuwasha mji mzima bila waya hata mmoja. Siku ya saba walimfunga kamba. Waliomfunga ni watu ambao wengi wao aliwahi kuwafungia taa bure. Hospitali walimpa vidonge vya lithiamu, na baada ya wiki chache akarudi kuwa yule yule, mcheshi, mtu wa hesabu, mlalaji mzuri. Ugonjwa haukuonekana tena. Familia ilihama. Koleo na bisibisi vilinunuliwa vingine.

Vidonge vilihamia kwenye chupa ya njano yenye lebo ya vitamini. Hilo lilikuwa wazo la Dada Mkubwa. Fundi alimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, mama akimwekea kwenye kisahani, na mgeni yeyote aliyeketi mezani aliona mtu anayejali afya yake.

"Asipande nguzo akiwa hivyo," mama alisema. "Akianza kuongea yale mambo mbele ya Kofia, kwisha habari yake. Kwisha yetu sote."

Dada Mkubwa alifikiri. Alikuwa mtu wa vipimo. Kiwandani kwao cha kushona sare hakuna aliyekata kitambaa bila yeye kupitisha utepe. Akaona jambo liko wazi. Dawa ndiyo iliyouzuia ugonjwa. Ugonjwa unarudi, kwa hiyo dawa haitoshi.

"Tumwongezee kimoja asubuhi," alisema. "Na jioni pia. Siku chache tu, na kesho nakwenda kliniki."

Jioni ile kisahani kilikuwa na vidonge viwili. Fundi alivitazama, akamtazama mama yake, kisha dada yake. Alijua vizuri ni vidonge gani. Hakuuliza. Naye alikuwa ameiona ile chai, na aliogopa kitu kile kile walichokiogopa wao. Akavimeza vyote kwa funda moja.

*

Kliniki ilikuwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, chumba namba kumi na tisa, mwisho wa ujia, baada ya chumba cha kufulia. Namba hiyo ilikuwa imetoka nje ya hospitali zamani. Sokoni mtu akibishana kupita kiasi, wenzake walimwambia apelekwe kumi na tisa. Watoto shuleni waliitumia hesabu ilipowatoa jasho. Uongozi uliwahi kubandua kibao cha namba mlangoni. Watu wakaendelea kusema kumi na tisa, na sasa wageni walilazimika kuuliza njia kwa sauti.

Dada Mkubwa hakuhitaji kuuliza. Kiwanda chao kilishona sare za wauguzi, kwa hiyo siku hizo alikuja na mfuko wa sare begani na utepe wa kupimia shingoni. Alipita mbele ya madirisha ya usajili akisalimia kushoto na kulia. Dirisha la pili alikaa karani mcheshi, mwenye masikio ya popo, mke wa Kofia. "Fundi wa nguo, mimi gauni langu lini?" karani alimwambia, kama kila mwezi. "Ukipunguza maandazi," akajibiwa, kama kila mwezi.

Muuguzi wa kumi na tisa aliitwa Sista na kila mtu. Alikuwa na kawaida ya kuuliza maswali kwa mpangilio ule ule, akiandika jibu moja kabla ya kwenda kwa lingine.

"Yuko wapi?"

"Kazini, Sista."

"Mwezi uliopita kazini. Mwezi wa kabla yake kazini. Hilo shirika halina likizo?"

"Wana mradi wa laini mpya."

"Kipimo chake cha mwisho cha damu kina miezi kumi na minne. Kilitakiwa kila baada ya miezi mitatu." Sista aligeuza kadi ili na yeye aone. "Dawa hii si peremende, dada yangu. Inayotibu na inayoua ni hiyo hiyo moja, na tofauti ni ndogo. Mtu akitoka jasho sana, akiharisha, akimeza dawa za maumivu, inajaa kwenye damu. Mimi siwezi kuiona kwa macho. Naiona kwa kipimo."

"Nitamleta."

"Anatetemeka mikono?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Kitasa kiliharibika tangu mwaka uliopita na hakuna fundi aliyekuja. Kutoka kwenye ujia ilisikika sauti ya karani wa dirisha la pili akicheka na mtu. Dada Mkubwa alipiga hesabu. Akisema ndiyo, Sista atataka aletwe leo leo. Ataletwa na ovaroli la shirika, atapita mbele ya dirisha lile, ataingia mlango huu. Jioni Kofia atakuwa anajua.

"Hapana," alisema.

Sista aliandika hapana.

"Anaharisha? Anatapika?"

"Hapana." Jumanne, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, hilo lilikuwa kweli.

"Anameza dawa nyingine yoyote?"

"Hapana." Hilo halikuwa kweli, lakini yeye hakujua.

Alitaka kuuliza kama kidonge cha nyongeza kina ubaya. Swali lilifika mdomoni. Lakini anayeuliza juu ya nyongeza huulizwa sababu ya nyongeza, na sababu alikuwa ameshaikana. Akaliacha.

Sista alihesabu vidonge vya mwezi mmoja. "Nimeomba miaka mitatu tuhamie jengo la mbele," alisema bila kuinua kichwa. "Siku moja na watu wa presha na sukari, benchi moja, foleni moja. Wananijibu kwamba wa presha watakimbia."

"Watakimbia kweli, Sista."

"Wewe umeshakimbia, na bado umekaa hapa mbele yangu." Alimkabidhi pakiti. "Mwezi ujao ukija peke yako, sikupi."

*

Jumatano Fundi alirudi saa nane mchana. Lori lilimshusha kwenye kona, akatembea mita mia mbili zilizobaki akiwa ameshika uzio wa majirani. Alitapika kabla ya kuvua viatu. Hadi jioni alikuwa amekwenda chooni mara tisa. Mama alihesabu, si kwa sababu ya udadisi bali kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono.

"Umekula nini huko?" Dada Mkubwa aliuliza aliporudi kutoka kiwandani.

"Jua," Fundi alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, neno likatoka kama limefungwa kitambaa. "Nimekula jua."

"Nakuuliza la maana."

"Na vya mgongo." Alionyesha ovaroli lililotundikwa msumarini. Mfukoni kulikuwa na karatasi ya vidonge vya rangi ya waridi, kumi na viwili vimeshatoka, vitatu vimebaki. "Kofia kanipa. Tangu Ijumaa. Vinasaidia, usivitupe."

Dada Mkubwa alivirudisha mfukoni. Vilikuwa vidonge vya maumivu vya kawaida, vya kila duka la dawa. Maneno ya Sista aliyasikia tena kichwani, yote, kwa mpangilio: jasho, kuharisha, dawa za maumivu. Yalikaa pamoja kwa muda, kisha akayatenganisha. Jasho ni la kazi. Kuharisha ni chakula cha barabarani. Mikono ilianza kutetemeka kabla ya kuharisha, na kwa hiyo, aliamua, ni jambo jingine, lile jambo lao.

"Vitamini za asubuhi kazitapika zote," mama alisema jikoni. "Nimeshampa nyingine badala yake."

"Na za jioni?"

"Nazo."

Dada Mkubwa aliifungua chupa ya njano na kuitazama ndani. Kisha akaifunga.

"Kesho asiende kazini," alisema.

"Mwambie wewe. Kesho wanakuja wakubwa kuangalia laini. Kofia kamwambia awepo."

Alhamisi asubuhi Fundi alivaa mwenyewe. Vifungo vya shati vilimshinda, Dada Mkubwa akamfungia. Alipofika cha tatu, mdogo wake alisema jambo ambalo hakulielewa, akamwomba alirudie, naye akalirudia vile vile. Lori lilipiga honi. Mama alimjaza chupa ya maji na kumwambia ajikaze kisabuni, ni siku moja tu.

Simu ya Kofia iliingia kiwandani saa tatu na dakika arobaini.

"Dada wa Fundi? Njoo hospitali. Mdogo wako kaja kazini kalewa chakari."

"Hanywi."

"Hata mimi ningekula kiapo hanywi. Lakini kaweka mguu mmoja kwenye ngazi, wa pili haujui ngazi iko wapi. Kaanguka akiwa bado chini, bahati yake. Sasa haamki vizuri. Njoo."

*

Walimlaza kitanda cha pili chumba cha dharura. Mama alikuwa ameshafika, kiatu kimoja cha nyumbani na kimoja cha kutokea. Kofia alisimama ukutani, helmeti kichwani. Mikono ya Fundi ilirukaruka juu ya shuka kama ya mtu anayefungua nati zisizoonekana. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumfuata mtu.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, asiyepoteza maneno.

"Nani anamjua mgonjwa?"

"Mimi mama yake."

"Ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Hana."

"Presha, sukari, kifafa?"

"Mzima kama chuma, daktari. Ni juzi tu kaharisha."

"Anatumia dawa gani?"

"Vitamini," mama alisema. Alisema bila kupepesa jicho, kwa sababu miaka tisa ilikuwa imeligeuza neno hilo kuwa kweli mdomoni mwake.

Daktari alimtazama Kofia. "Pombe?"

"Sijawahi kumwona akinywa. Lakini leo ungemwona, ungesema hivyo. Analalamika mgongo wiki nzima, daktari, labda na huo mcheki."

Daktari aliandika. Dada Mkubwa alikuwa miguuni mwa kitanda na aliweza kuyasoma maandishi yakiwa kichwa chini: homa ya matumbo, pombe, uti wa mgongo, kila kimoja na alama ya kuuliza. Daktari aliagiza maji ya mshipa, vipimo vya malaria na sukari, na sindano ya maumivu ili mgonjwa atulie aweze kupimwa mgongo. Muuguzi alikwenda kabatini. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi na mbili.

Chupa ya njano ilikuwa kwenye mkoba wa Dada Mkubwa. Aliichukua nyumbani asubuhi ili mama asipate kumpa tena Fundi kabla yeye mwenyewe hajafikiri vizuri. Alikuwa anafikiri tangu saa moja. Sasa alitoka nje, mama akidhani anakwenda kupiga simu.

Alitembea hadi mwisho wa ujia, bila mfuko wa sare na bila utepe. Mke wa Kofia alimwona, akaanza utani wa gauni, akaukatisha katikati. Alhamisi haikuwa siku ya kliniki, lakini Sista alikuwepo akipanga kadi.

"Alikuwa anatetemeka," Dada Mkubwa alisema kutoka mlangoni. "Tangu Jumatatu. Nilikudanganya. Nikadhani ugonjwa unarudi, nikamwongezea. Viwili asubuhi, viwili jioni, na vingine alipotapika. Na alikuwa anameza vya mgongo, sikujua. Sasa yuko dharura, haongei, wanataka kumchoma sindano ya maumivu."

Sista alikuwa ameshasimama. "Daktari anajua anatumia nini?"

"Hajui."

"Basi huku umekuja kufanya nini? Rudi. Kamwambie aliyeshika sindano. Mimi nakuja na kadi, lakini miguu yangu si ya kukimbia. Yako ndiyo."

Alikimbia. Watu waliokaa kwenye mabenchi ya usajili waligeuza vichwa kuona mtu anayekimbia akitokea upande ule. Mmoja alisema jambo, wenzake wakacheka.

Muuguzi alikuwa ameshatoa hewa kwenye sindano na kuifuta ngozi ya mgonjwa kwa pamba.

"Usimchome," Dada Mkubwa alisema.

Wote walimgeukia: daktari, muuguzi, mama na Kofia. Aliitoa chupa ya njano mkobani na kuiweka juu ya shuka.

"Hizi si vitamini. Ni lithiamu. Anatumia miaka tisa. Ni mgonjwa wa kumi na tisa."

"Mwanangu si mwendawazimu," mama alisema. Hakupandisha sauti. Alimwambia Kofia, si daktari. "Bwana, usimsikilize, kachanganyikiwa huyu."

"Mama, atakufa," Dada Mkubwa alisema.

Daktari alikuwa ameshaimimina chupa kiganjani. Aligeuza kidonge kimoja, akasoma herufi zilizochapwa juu yake, akamwambia muuguzi aiweke sindano chini. Maswali yake yalikuwa yale yale ya Sista, karibu kwa mpangilio ule ule, na safari hii yote yalipata jibu. Vidonge vingapi? Tangu lini? Kaharisha mara ngapi? Kakojoa lini mara ya mwisho? Mama alilijua hilo la mwisho, akalijibu, akakaa kwenye kiti.

"Dawa za mgongo," daktari alisema. "Alizipata wapi?"

"Kwangu," alisema Kofia. Aliivua helmeti. Kichwa chake kilikuwa na upara, na alama ya mkanda ilimzunguka paji la uso. "Mimi ndiye niliyempa. Mbona hakuniambia?"

Kisha akasema kwa sauti ya kazi: "Natakiwa kuandika ripoti ya tukio leo. Kuna mahali pa kujaza sababu."

"Andika sumu ya dawa," daktari alisema.

"Dawa ya nini?"

"Hapo umeshaondoka kwenye ripoti yako."

Kofia aliigeuza helmeti mikononi. "Ningemtoa nguzoni," alisema. "Nawaambia ukweli. Ningejua, ningemtoa siku hiyo hiyo." Akatoka ujiani. Baada ya muda walimsikia akiongea na mkewe dirishani, kwa sauti ya chini.

Sista alifika na kadi. Daktari aliisoma akiwa amesimama, akakiona kipimo cha mwisho na tarehe yake, akaona na Jumanne: kutetemeka, hapana. Alisema hospitali yao haina mashine ya kupima dawa hiyo kwenye damu wala ya kuisafisha damu yenyewe. Iliyo karibu ni safari ya saa mbili na nusu. Alipiga simu tatu. Saa tano na dakika hamsini Fundi aliingizwa kwenye gari la wagonjwa, na Sista akapanda naye. Dada Mkubwa alikaa mbele, pembeni ya dereva. Mama alibaki kwenye kiti chumba cha dharura, chupa tupu mapajani, na alipoitwa apande hakuinuka.

Njiani Fundi alipata degedege mara mbili, ya kwanza dakika mbili, ya pili dakika nne. Sista aliandika muda wa zote.

Walipokelewa saa nane na nusu. Damu ilichukuliwa saa nane na dakika thelathini na tano. Majibu yalitoka saa tisa na robo: kiwango kilikuwa kikubwa mara nne kuliko kinachotakiwa, na figo zilikuwa zimeanza kugoma. Daktari wa figo alimwita Dada Mkubwa pembeni, akamweleza kwamba mashine itaiondoa dawa kwenye damu, lakini iliyokwisha kuingia kwenye ubongo hutoka polepole, na wapo ambao hutembea tena na kuongea tena, na wapo ambao hawarudi hivyo. Alimuuliza kama ana swali. Dada Mkubwa aliuliza ni lini wangeweza kuizuia hali hii.

"Jumanne," daktari alisema. "Jumatano pia, kwa shida."

Dada Mkubwa alitia saini karatasi ya ridhaa. Mahali palipoandikwa ugonjwa alionao mgonjwa kabla ya tukio, aliandika jina kamili la ugonjwa kama lilivyokuwa kwenye kadi ya Sista, herufi kwa herufi, akaandika na miaka tisa.

Saa kumi na dakika tano jioni mashine iliwashwa.